Nani Anausafisha Mfereji Huu?

Mara ya kwanza kushuka kwenye gari juu ya Dartmoor, nilinusa Horombo. Sisemi niliiona. Niliinusa: udongo mweusi uliolowa, nyasi ngumu zilizokauka juu na kuoza chini, upepo usio na harufu ya moshi wala ya mtu. Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Baba mdogo alikuwa mpagazi, na likizo moja alinichukua nikamsaidie kubeba trei za mayai ya wageni mpaka Horombo, kambi ya pili ya kupanda Kilimanjaro. Harufu ile haijawahi kunitoka, na sikutegemea kukutana nayo Uingereza, mwendo wa saa moja hivi kutoka kitanda changu cha Plymouth.

Tofauti ni kwamba Horombo iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na pale kijijini Princetown tulipoegesha gari ni mita 430 hivi. Ubaridi unaoupata kwetu baada ya siku mbili za kupanda, wenzetu wanaupata kwa kupita karibu na duka la mikate.

Mmea wenyewe ni wa jamii ileile. Kwetu, ukitoka msituni Mandara, kambi ya kwanza, unapita kwanza kwenye miti myembamba yenye vijani kama sindano, imevaa ndevu za kijivu zinazoning'inia. Waongozaji huiita erika. Ndugu yake wa Dartmoor hafiki magotini. Anatambaa juu ya ardhi kama zulia, na mwezi wa nane anatoa maua ya zambarau mpaka kilima kizima kinaonekana kimemwagiwa rangi. Wenyeji wanamwita heather, na nchi nzima ya namna hii, isiyo na miti, ya upepo na kinamasi, wanaiita moor. Nimetafuta neno la Kiswahili la kuweka hapo nikashindwa. Nyika ni kavu mno, mbuga ina wanyama wengi mno. Nitasema uwanda, msomaji anivumilie.

Uwanda huu uko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Ni hifadhi ya taifa tangu 1951, ina kilomita za mraba 954, na kilele chake cha juu kabisa, High Willhays, kina mita 621. Moshi mjini kwenyewe kuko juu kuliko hapo. Nilipoituma namba hiyo kwenye kundi la familia la WhatsApp, shangazi aliuliza kama nimesahau tarakimu moja.

Dada wa Kikenya niliyefika naye, mfanyakazi mwenzangu na mwenye gari, alishusha kioo, akatazama pande zote, akakipandisha. "Sasa umenileta kuangalia nyasi?" Akabaki garini na simu yake. Simlaumu. Siku hiyo hata mimi niliona nyasi tu, na vilima vyenye marundo ya mawe makubwa ya graniti kileleni, na farasi wadogo wenye manyoya marefu waliokuwa wakitutazama kama watu wa serikali. Niliporudi mara ya pili, peke yangu, kwa upande mwingine, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakitazama.

Nilipanda basi mpaka Yelverton, halafu miguu mpaka bwawa la Burrator. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1898, likaongezwa kina mwaka 1928, na mpaka leo linanywesha Plymouth. Maji ninayochemshia chai yangu ya alfajiri kabla ya zamu yanatoka huko. Nadhani hiyo peke yake ilikuwa sababu ya kutosha ya kwenda kuyatazama. Ukizunguka bwawa mpaka nyuma, kwenye daraja la Norsworthy, unashika njia inayoufuata mto Meavy kwenda juu. Msitu wa kupandwa unaisha, kuta za mawe zinaisha, unabaki na mto upande mmoja na kangaga zilizokauka rangi ya kutu upande wa pili.

Hapo nikaona maji yakishuka mlimani pasipo bonde. Mto hushuka bondeni, hiyo ndiyo kazi yake. Haya yalikuwa yakishuka mgongoni mwa kilima, meupe, kwa kasi, kama mtu amesahau kufunga bomba huko juu. Yakafika chini, yakaingia kwenye mfereji wa chuma uliowekwa kama daraja, yakavuka juu ya mto Meavy, yakaendelea na safari upande wa pili. Maji yakivuka maji. Nilipanda kilima kile, Raddick Hill, kwa mikono na miguu, nifike yanakotoka.

Juu kulikuwa na mfereji. Upana wake mtu mzima anaweza kuuruka akijikaza, kina chake cha magoti, umejengewa mawe pembeni, maji yake safi mpaka unaona vijisamaki vikiukimbia mwili wako uliovitia kivuli. Haukushuka wala haukupanda. Uliizunguka ile milima ukiwa umeshika usawa uleule, unaingia kila kikunjo na kutoka, kwa mteremko ambao jicho halioni ila maji yanauona. Kando yake kulikuwa na kinjia cha kukanyagwa, upana wa mguu mmoja.

Nikasema kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa kondoo: huu ni mfongo.

Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji wa Wachaga. Watu wa Kilimanjaro waliyatoa maji kwenye makorongo ya juu wakayazungusha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba vyao vya migomba, bila pampu wala vipimo vya kitaalamu, zamani kabla ya mkoloni kuja kushangaa. Mimi nimekulia kando ya mmoja. Ninajua sauti yake: si kelele ya mto, ni kama mtu anayejisemea chini chini jikoni.

Nikapiga video ya dakika mbili. Mtandao kule hakuna, kwa hiyo niliituma jioni nilipofika nyumbani. Mama akajibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia kuku: "Mzuri, mwanangu. Mzuri kweli. Nani anausafisha?"

Sikuwa na jibu. Kwetu swali hilo lina jibu kabla hujamaliza kuliuliza, maana babu alipita nyumba kwa nyumba kutangaza siku, na kaya isiyotoa mtu na jembe ililipa faini au ilinyimwa zamu. Mfereji usiosafishwa miezi mitatu si mfereji tena. Na huu niliouona haukuwa na jani lililoukwamisha. Nikaanza kuusoma.

Unaitwa Devonport Leat. Leat ndilo neno la Devon kwa mfereji wa namna hii. Ulichimbwa miaka ya 1790, wakati wa vita na Ufaransa, kwa ajili ya bandari ya jeshi la majini iliyoitwa Plymouth Dock na kubadilishwa jina mwaka 1824 kuwa Devonport. Pale bandarini palijaa mabaharia na mafundi wa meli kuliko maji. Mji wa Plymouth, jirani kabisa, ulikuwa na mfereji wake tangu 1591 na haukuwa na haraka ya kugawana. Basi wakapanda wenyewe uwandani, wakafunga mabanio kwenye mito mitatu, West Dart, Cowsic na Blackabrook, wakayazungusha maji takriban kilomita 43 mpaka mjini. Siku hizi hayafiki tena huko. Yanaishia Burrator, kwa ile njia ya kilimani niliyoiona.

Ule wa 1591 ni wa Francis Drake, baharia. Hadithi ya wenyeji ni tamu: Drake alipanda uwandani kwa farasi, akaikuta chemchemi, akaisomea maneno, akageuza farasi na kukimbia, na maji yakamfuata mkiani mpaka Plymouth. Naipenda hadithi hiyo, na nina tatizo nayo. Drake huyohuyo, akiwa kijana miaka ya 1560, alisafiri na binamu yake John Hawkins kukamata na kuuza Waafrika. Plymouth ina sanamu yake, inatazama baharini, na mimi hupita hapo nikienda kula chipsi. Isitoshe, hadithi ya farasi inawafuta waliochimba. Kila mtoto wa mfongo anajua maji hayamfuati mtu mkiani. Yanafuata mgongo ulioinama na jembe.

Na hapo ndipo Dartmoor ilipogeuka machoni mwangu. Vitabu vya watalii huiita pori la mwisho la kusini mwa Uingereza. Pori! Nimeutembea sasa mara nyingi, na karibu kila mahali ninakanyaga kazi ya mtu. Miti haikukosekana hapa tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa ilikatwa na kuchomwa na wakulima na wafugaji wa kale, na zaidi ya miaka 3,000 iliyopita wakaigawa nchi kwa kuta ndefu za mawe ambazo mpaka leo unaziona jua likiwa chini, zikinyooka kilima kwa kilima kama mipaka ya viwanja. Maduara ya misingi ya nyumba zao yapo bado. Baada yao wakaja wachimbaji wa bati, karne na karne, wakageuza mabonde ndani nje; vile vichuguu na mashimo yaliyoota nyasi unayodhani ni sura ya nchi ni mabaki ya kuchekecha madini. Wale farasi wadogo wana wenyewe, na kila vuli huswagwa na kuhesabiwa. Kondoo wana alama za rangi mgongoni. Hata ziwa dogo la Crazywell, lile ambalo wanakijiji wanasimuliwa kwamba waliunganisha kamba za kengele za kanisa la Walkhampton wakazitumbukiza zisifike chini, ni shimo la wachimbaji wa bati lililojaa maji. Kina chake ni mita chache tu.

Na ramani bado inaiita sehemu ya kati "Msitu wa Dartmoor". Hakuna msitu. Neno hilo zamani lilimaanisha ardhi ya mfalme ya kuwinda, iwe na miti isiwe nayo. Mwaka 1239 mfalme Henry wa Tatu alimpa ndugu yake, na mwaka uliofuata mashujaa kadhaa, wapanda farasi wa kivita wa mfalme, walitumwa kuizunguka na kutaja alama za mpaka. Leo ipo chini ya Duchy of Cornwall, milki ya mtoto mkubwa wa kiume wa mfalme. Mtu anaweza kuwa na ardhi bila kuwa na miti, na hifadhi ya taifa inaweza kuwa na wenyewe: kwangu mimi niliyezoea geti, risiti na askari wa wanyamapori, hili lilichukua muda kuingia kichwani. Kinachokuruhusu wewe na mimi kutembea ni sheria ya 1985, inayowapa watu wote haki ya kuingia kwenye malisho ya pamoja kwa miguu au kwa farasi, kwa ajili ya kujiburudisha. Je, kulala usiku ndani ya hema ni kujiburudisha? Wamiliki fulani wa ardhi walisema hapana, na mwezi Januari 2023 mahakama ikakubaliana nao. Mwezi Julai mahakama ya rufani ikakataa. Mei 2025 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala kwamba ndiyo, kulala nako ni burudani. Bibi yangu angewaambia bila wakili.

Nirudi mferejini. Ukiufuata kwenda chanzoni unafika mahali unapoingia ardhini. Mgongo wa kilima uliwazuia, wakautoboa. Unapanda juu ya mgongo huo huku ukijua maji yanapita chini ya viatu vyako, na huko juu unaukuta msalaba wa graniti mrefu kuliko mtu, ulioungwa kwa vyuma baada ya kuvunjika. Ni Nun's Cross, mmoja wa alama zilizotajwa na wale mashujaa wa 1240. Ukishuka unakutana na nyumba moja ya shamba iliyofungwa, na mfereji unaibuka tena karibu nayo, unaelekea Whiteworks, kwenye magofu ya mgodi wa bati.

Mwenye akili anaufuata. Mimi niliona bonde pana la kijani kibichi, zuri, kijani ambacho sijakiona kwingine Dartmoor, na ng'ambo yake palikuwa na kaburi la hadithi, la mwindaji aliyeshikwa na theluji akamchinja farasi wake ajifiche tumboni, na bado akafa. Nikataka kulipiga picha. Nikakata moja kwa moja.

Bonde lile linaitwa Fox Tor Mires. Kijani kile ni mimea laini kama sifongo inayofyonza maji na kuelea juu ya tope, na wenyeji wana jina la mahali kama hapo: godoro la manyoya. Hatua ya kumi ardhi ilitikisika, yaani niliona nyasi zilizo mita mbili mbele yangu zikiinuka na kushuka kwa sababu yangu. Hatua ya kumi na moja mguu wa kulia ulizama mpaka pajani. Hakuna maumivu, hakuna sauti, ubaridi tu na uvutano wa pole, kama mtoto anayekung'ang'ania usiende kazini. Nililala kifudifudi, ndiyo, kwenye tope, nikajivuta kwa viwiko mpaka kwenye nyasi ngumu. Kiatu kilitoka. Simu ilipona. Heshima ilibaki kule.

Ukungu nao ulichagua saa hiyohiyo kushuka. Wazee wa Devon wanasema ukipotea uwandani ni vijini vidogo vinakuzungusha, na dawa ni kugeuza koti ndani nje. Mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro, sina muda na mambo hayo. Niligeuza koti. Halafu nikasimama kimya nikasikiliza mpaka nikaisikia ile sauti ya mtu anayejisemea jikoni, nikaifuata, nikaufikia mfereji, nikauweka upande wa kushoto na sikuuacha tena. Kinamasi na mfereji ni maji yaleyale ya mvua ileile. Princetown hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ya mferejini yameambiwa pa kwenda.

Mama nilimsimulia sehemu ya kaburi na msalaba. Tope nililiacha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Hujaniambia nani anausafisha."

Niliuliza basi. Mzee mmoja niliyemkuta na mbwa wake karibu na Burrator alinijibu kwamba mfereji ni wa kampuni ya maji, South West Water, na kampuni hutuma watu wake. Nilipompelekea Mama jibu hilo alisema "aha", ile aha fupi. Kampuni si jibu. Sasa hivi hata kwetu ukiuliza maji utaambiwa kampuni, utaonyeshwa mita na bili, na mfongo wa babu sehemu ya juu umekauka, sehemu ya chini mtu amejengea ukuta. Alitaka kusikia jina la mtu na jembe lake.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilimrudisha yule dada wa Kikenya, kwa rushwa: nilimwambia juu ya kilima cha Pork Hill, barabara ya Tavistock, huwa kuna gari la aiskrimu. Lilikuwepo. Nikamwacha nalo, nikakata uwanda kwenda kusini, nusu saa hivi kwa miguu, mpaka kwenye msalaba mwingine wa mawe uliopinda kama umesukumwa na upepo. Wanauita Windy Post. Kando yake unapita mfereji mwembamba na mkongwe, Grimstone and Sortridge Leat, unaoyatoa maji mto Walkham kuyapeleka kwenye mashamba ya chini. Huu haukunywesha manowari za mtu. Ni mfongo wa wakulima, nikiutazama naona kabisa.

Na ukingoni mwake kuna jiwe la graniti limesimamishwa, lina tundu la mviringo lililotobolewa kwa mkono. Wanaliita jicho la fahali. Kidole gumba changu kiliingia kwa shida. Maji yanayopita kwenye tundu hilo, usiku na mchana, ndiyo mgao wa shamba fulani, hayazidi wala hayapungui. Mengine yote yanaendelea kwa wengine. Nilichuchumaa nikalitazama jiwe hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama kanisa lolote la nchi hii. Kwetu mgao ulikuwa kwa saa: leo asubuhi kwenu, kesho usiku kwetu, unafungua kwa kuondoa kisiki cha mgomba na bonge la udongo, unafunga vilevile. Na ugomvi! Babu alikuwa akilala kihambani na panga, akimvizia mwizi wa maji. Hawa ugomvi wao waliutoboa kwenye jiwe wakaenda kulala.

Ila siku hiyo tundu lilikuwa halitoi. Lilikuwa linadondoka. Nikainama: manyoya ya kondoo, kangaga, na kitu kama karatasi ya chokoleti vimejisokota na kuziba. Nikavua koti, nikakunja mkono wa sweta. Maji yale ya Oktoba yalinikata mpaka kwenye kiwiko. Nilivuta kwa vidole, nikasukuma kwa kijiti upande wa pili, nikavuta tena, na ghafla likakohoa, likatema tope, halafu uzi wa maji ukatoka umenyooka, mnene kama kidole, ukashuka kwenye kijifereji kuelekea kwa watu nisiowajua.

Nikapiga video, kabla na baada. Juu pale mtandao ulikuwepo kidogo. Mama akapiga mwenyewe, video, uso wake umejaa kioo kizima kama kawaida yake, anatazama si mimi, anatazama maji.

"Umeusafisha wewe?"

"Mimi, Mama."

Akacheka mpaka akaondoka kwenye kioo nikabaki natazama paa la jiko. Aliporudi akakumbuka pombe yetu ya ndizi: "Na hao wenye shamba wamekupa mbege?"